Milima ya Tanzania Katika Reli ya Nairobi

Pemba haijawahi kuwa na reli. Hata hivyo, wavuvi wake wa Kojani waendao dago (kambi za uvuvi) mwambao wa Kenya huifikia pwani ambako ujenzi wa Reli ya Uganda ulianzia, Mombasa, mwaka 1896.

Majina ya kwetu, nchi jirani
Reli hiyo ilifika Nairobi, na huko Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yamehifadhi vichwa viwili vya treni ya mvuke vya daraja la 59: Mount Gelai (namba 5918) na Mount Shengena (namba 5930). Gelai ni mlima ulio kando ya Ziwa Natron. Shengena ni kilele cha Milima ya Upare. Yote miwili iko Tanzania.

Nguvu za mvuke
Vichwa 34 vya daraja hili viliundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock, Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252 hivi. Boila moja ya katikati hupeleka mvuke kwenye seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, zinazojipinda kila moja peke yake ili kichwa kirefu kipite kona za reli yenye upana wa mita moja. Vilichoma mafuta mazito na kuvuta mizigo mizito kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Urithi wa pamoja
Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali, ambayo nchi zake ziliendesha reli kwa pamoja, ilivunjika mwaka 1977. Vichwa hivi vilibaki Kenya, lakini historia yake ni ya Watanzania, Wakenya na Waganda kwa pamoja. Ufikapo Nairobi, nenda ukavitazame.