Stakabadhi ya kasa

Nimerudi mjini Mtwara juzi tu, na mchanga wa Msimbati bado umo ndani ya viatu. Leo naomba tuongee fedha. Si fedha za gesi, hizo tumeziongea mpaka makoo yakakauka. Naongelea fedha zinazochangwa kwa jina la wanyama.

Kisa chenyewe ni hiki. Wakati fulani niliandikia shirika moja la kutetea wanyama (jina nalihifadhi) nikiuliza mambo mawili: mwaka jana mlipokea kiasi gani, na kiasi gani kilimfikia mnyama? Nikaletewa kijitabu cha rangi. Picha nzuri, punda anacheka, mtoto anacheka, tarakimu hakuna hata moja. Nilipouliza mara ya pili nikajibiwa kwa swali: "Kwani wewe ni mfadhili?"

Swali lile lilinikaa kifuani. Ni nani hasa mwenye haki ya kuuliza? Nikaanza kuchimba historia, na niliyoyakuta ndiyo haya.

Tuanzie mbali kidogo. Tarehe 16 Juni 1824, watu wachache walikutana kwenye mgahawa mmoja wa kahawa jijini London wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Ndicho hiki kinachoitwa RSPCA leo. Katibu wake wa kwanza, kasisi Arthur Broome, aliacha kazi ya parokia ili akitumikie chama. Nia ilikuwepo, ila hela hazikuwepo. Mwaka 1826 kasisi wa watu akafungwa jela. Kosa lake? Madeni ya chama! Aliyekinusuru kisizame ni Lewis Gompertz, mwandishi na mvumbuzi wa Kiyahudi, aliyeshika ukatibu na kutoa fedha za mfukoni mwake. Mwaka 1840 Malkia Victoria akakiruhusu kujiita cha kifalme.

Baada ya hapo, vyama vya namna hii vikazoea kuchapa taarifa kila mwaka zenye orodha ya wachangaji: fulani katoa hiki, fulani katoa kile. Ni utaratibu mzuri, lakini tazama ulikuwa kwa ajili ya nani. Ulikuwa kwa ajili ya aliyetoa. Farasi wa mkokoteni hakuwa na kitabu, na mwenye mkokoteni aliyeambiwa abadili maisha yake hakuulizwa. Kwa hiyo yule aliyeniuliza kama mimi ni mfadhili hakubuni jambo jipya. Alikuwa anarithi.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1994 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Mafia ikapata hifadhi mwaka 1995. Mwaka 2000 ikaja zamu yetu: Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba zipatazo 650, zenye matumbawe, mikoko, fukwe, na vijiji vyenye watu. Fedha za kuiendeleza zilitoka kwa mfuko wa dunia wa mazingira kupitia UNDP, na kwa Wafaransa, na IUCN wakatoa utaalamu. Sheria yenyewe ilisema wazi kwamba wanavijiji washirikishwe, wanufaike, na wapewe kipaumbele katika kutumia rasilimali.

Miongoni mwa wanaolindwa humo ni kasa. Mama huyu hupanda ufukweni usiku, huchimba, hutaga mayai mia na ushee, hufukia na kurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka wakakimbilia maji. Lakini hapa pana hesabu inayonisumbua. Kasa huhitaji miaka 20 na zaidi mpaka naye atage. Mradi wa mfadhili huishi mitatu, minne, mitano ukijitahidi. Maana yake mradi unafunga vitabu, magari yanakabidhiwa, wataalamu wanaagwa kwa pilau, na yule kasa mtoto aliyepigwa picha siku ya uzinduzi bado yuko baharini, hata hajabalehe! Nani atashika hesabu yake?

Huko Mafia mwaka 2001 ulianza mpango ambao baadaye ulijulikana kama Sea Sense. Walifanya jambo dogo lenye akili nyingi. Mwanakijiji anayekuta kiota akatoa taarifa alilipwa kidogo papo hapo. Mayai yakishaanguliwa alilipwa tena, na malipo ya pili yalitegemea mayai mangapi yameanguliwa. Umeiona hiyo? Fedha imefungwa kwenye kiota. Mvuvi anajua kalipwa nini na kwa sababu gani, na jirani yake anaweza kuhesabu maganda. Huo ndio uwazi mtu anaoweza kuushika mkononi, bila kijitabu cha rangi.

Kuhusu sheria za uwazi, hatuna upungufu. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inataka kila shirika liandae taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na umma uweze kuziona. Kanuni za 2018 zikaongeza kwamba fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe magazetini. Wanaharakati wengi waliziona kanuni hizo kama rungu la serikali, na hofu yao ilikuwa na sababu. Mimi nina swali la upande wa pili. Gazeti likichapishwa Dar es Salaam, yule mama wa Msimbati anayesubiri maji yakupwe akachokoe pweza ataambiwa na nani? Hesabu zetu zinapanda juu kwa msajili na kwa mfadhili. Njia ya kuzishusha kijijini ndiyo hatujaijenga.

Na sisi watu wa Mtwara tunalijua hilo kwa uchungu. Tangu 2007 mkulima wa korosho anapeleka gunia ghalani na kupewa stakabadhi. Analalamika bei, analalamika makato, lakini karatasi anayo na anaweza kubishana nayo. Kwenye gesi karatasi hiyo haikuwepo. Visima vya Mnazi Bay vimo ndani ya hifadhi hiyo hiyo ya kasa, na watu walipoona bomba linaelekea Dar bila kuelezwa wakaelewa, Mei 2013 mji uliwaka na roho za watu zikapotea. Sisemi kasa watawasha moto. Nasema mtu aliyenyimwa hesabu hujitungia yake, na mara nyingi ile ya kujitungia ni mbaya kuliko ya kweli.

Kwa hiyo nimepata jibu la lile swali, ingawa limechelewa. Mvuvi aliyekuta kiota usiku, nyumbani watoto hawana kitoweo, akakiacha: huyo ametoa. Mwenye nyavu aliyeambiwa mwamba ule usiguswe, akageuza mtumbwi: huyo naye ametoa. Majina yao hayamo kwenye orodha ya wachangaji, na mchango wao haukaguliwi na mtu. Lakini bila wao hakuna kasa, na bila kasa hakuna picha ya kumpelekea mtu wa Ulaya.

"Kwani wewe ni mfadhili?"

Ndiyo, bwana. Mimi na kijiji kizima. Tunaomba stakabadhi yetu.

Alamsiki.