Pampu Mgongoni, Mtungi Uvunguni

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Arnold Kadish wa Los Angeles aliunda pampu ya insulini iliyobebwa mgongoni kama shanta. Leo pampu hutosha mfukoni, ikipenyeza dawa chini ya ngozi kidogo kidogo usiku kucha. Hapa Babati sijamwona anayeivaa. Nilichokiona ni mtungi wa udongo uvunguni mwa kitanda, vichupa vya insulini vikipozwa ndani yake, kwa kuwa nyumba haina jokofu.

Mwaka 1923 wavumbuzi wa Toronto waliuza hataza yao kwa dola 1 kila mmoja, dawa isije ikahodhiwa. Miaka sitini baadaye, Profesa Donald McLarty na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wapya 1,250 jijini Dar es Salaam; waliohitaji insulini walikuwa na matumaini madogo zaidi ya kuishi kuliko wasioihitaji. Tiba ilikuwapo. Haikufika, au ilifika na kukatika.

Wanafunzi wangu huisifu pampu, nami siwalaumu. Ila pampu hutumia insulini ya haraka pekee: ikikatika, mvaaji ana saa chache tu kabla damu yake haijaanza kujaa asidi.