Mtutu Mfupi na Mwako Wake
Bara, nyuma ya Mitwero na Lindi, kulipiganwa vita vya Mahiwa, Oktoba 1917, na wengi wa askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa wameingia vitani mwaka 1914 na bunduki za Mauser za 1871, ambazo moshi wa baruti yake nyeusi ulimfichua mpigaji. Mtutu, yaani bomba ipitamo risasi, nao ukifupishwa mno humfichua: karabini ya Kijerumani ya 1902, bunduki fupi ya wapanda farasi, ilikuwa na mtutu wa sentimita 43 hivi, baruti isiwahi kuungua yote ndani, mwako mkali ukatoka mdomoni, mshindo ukazidi na kasi ya risasi ikapungua. Karabini ya 1908 ilirefushiwa mtutu hadi sentimita 59.