Unaenda Amerika ipi?

Jina la Marekani lilifika Afrika Mashariki likiwa nguo. Mkataba wa 1833 kati ya Sultani Sayyid Said na Wamarekani uliwapa nafasi wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakashusha Zanzibar majora ya pamba isiyotiwa rangi. Watu wakaiita merikani, na misafara ikaibeba hadi bara. Aliyejifunga hiyo merikani hakuhitaji kujua Massachusetts iko kaskazini au kusini.

Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, ndiko nchi hiyo ilikokuja kuchambuliwa jimbo kwa jimbo. Makazi hayo yalianza 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, wakimbizi wa kwanza wakiwa Wanyarwanda. Baadaye wakaja Wasomali, Warundi na Wakongo. Kwa muda mrefu "Amerika", kama Wakongo wanavyoitamka, ilikuwa moja tu, kama mbinguni. Nani amewahi kuuliza mji mkuu wa mbinguni?

Idadi ndiyo iliyoleta maswali. Katika mwaka wa bajeti wa 2016, Marekani ilipokea wakimbizi 16,370 wa Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote mwaka ule, na Uganda ilikuwa moja ya nchi walikoanzia safari. Mtu alipoitwa kusafiri, jirani alitaka kujua: jimbo gani? Ohio? Kentucky? Iowa?

Yalikuwapo mafunzo ya siku chache kabla ya kuondoka, lakini somo lenyewe hasa lilikuja kwa simu. Aliyetua Phoenix, mji mkuu wa Arizona, anasimulia jangwa ambako joto la Julai hupita nyuzi 40. Wa Des Moines, Iowa, anaonyesha tambarare ya mahindi ambayo Januari huganda kuwa barafu. Anayesikiliza yuko penye vilima vya nyasi kando ya Ziwa Nakivale, ambako mwaka hugawanywa na mvua mbili na jua, na koti zito ni la kutafutwa mjini Mbarara.

Miji mikuu ndiyo huwachanganya wengi. Louisville, Kentucky, kuna Wakongo wengi, lakini serikali ya jimbo iko Frankfort, mji mdogo wa kando ya mto. Wazee wa Uganda hawaoni ajabu: hadi uhuru wa 1962, serikali ya Mwingereza ilikaa Entebbe, si Kampala. Swali la mji mkuu si la mchezo, kwani anayeomba uraia wa Marekani anaweza kuulizwa mji mkuu wa jimbo analoishi.

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Safari zilizokwisha pangwa zikafutwa, hata za watu waliokuwa na tiketi. Wakabaki na jina la jimbo, na habari zote za baridi yake.