Pikipiki Isiyomalizwa Kiwandani

Barabara ya lami inayotoka mjini Machakos kuelekea Kitui hupita Masii kabla ya kufika Wamunyu, na katika masoko yaliyo kando yake hakukosi kibanda ambamo pikipiki hukatwa, huchomelewa na kurudishwa barabarani ikiwa si ile iliyotoka kiwandani. Hata hivyo, kijana wa Masii anayetaka kujiundia kafe resa, yaani pikipiki yenye usukani wa chini, kiti cha mtu mmoja chenye kigongo nyuma, na mwili uliovuliwa kila kisichosaidia mwendo, huambiwa upesi kwamba hiyo ni anasa ya Wazungu na ya watu wa Nairobi wenye pesa za kuchezea. Naona maneno hayo yanaipindua historia miguu juu. Sura ya kafe resa ilitoka Uingereza, hilo halina ubishi. Lakini kazi yenyewe, ya kupokea chombo kilichobuniwa na watu wasioijua barabara yako kisha kukimalizia nyumbani, ni ya siku nyingi Ukambani, na anayeanza kuijaribu leo ana urithi ambao hakuna aliyemwambia kuwa ni wake.

Huko Uingereza kwenyewe, kafe resa haikuzaliwa katika anasa. Mkahawa wa Ace ulifunguliwa mwaka 1938 kando ya barabara ya North Circular jijini London, ukihudumia hasa madereva wa malori. Ulibomolewa kwa mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ukajengwa upya mwaka 1949. Katika miaka ya 1950 vijana wa viwandani waliokutana hapo walianza kupata mishahara ya kuridhisha, na maduka yakawa tayari kuwapa pikipiki kwa malipo ya polepole. Walichopewa ni vyombo vya kumpeleka mtu kazini: usukani wa juu, matgadi nzito, kiti cha kukalia wima. Walichokitaka ni kitu kinachofanana na pikipiki za mashindano ya Isle of Man, na hizo hawakuwa na uwezo wa kuzinunua. Basi wakashika msumeno na spana. Waligundua kwamba injini ya Triumph ya silinda mbili ilikuwa na nguvu na ilipatikana kwa urahisi, lakini fremu bora ilikuwa ya Norton, ile iliyobuniwa na ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless, ikaingia mashindanoni mwaka 1950 kwa jina la Featherbed. Wakaitia injini ya huyu katika fremu ya yule, na mseto huo ukaitwa Triton. Hakuna kampuni iliyowaagiza. Ace ilifungwa mwaka 1969, wakati magari madogo ya bei nafuu yalikuwa yamekwisha kuwavuta vijana watoke kwenye pikipiki, na ni baada ya miaka mingi ndipo Triumph yenyewe ilipoanza, mwaka 2004, kuuza kafe resa iliyokamilika toka kiwandani kwa jina la Thruxton. Anasa ilikuja mwisho. Mwanzo ulikuwa wa watu wenye kipato cha kawaida na karakana ya nyuma ya nyumba.

Sasa tutazame Ukambani. Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Waya ule ulikuwa bidhaa ya viwanda vya mbali, uliouzwa ukiwa mali ghafi tu ya biashara, wala haukubuniwa kwa ajili ya kazi yoyote ya Machakos. Wahunzi wa Kikamba waliunyoosha ukawa mwembamba zaidi, wakasuka minyororo myembamba ya mapambo ambayo iliwashangaza wageni. Mtafiti Mswidi Gerhard Lindblom, katika kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba cha mwaka 1920, aliueleza ufundi wa chuma na waya wa watu hawa kwa kirefu. Chukua kiti cha mzee, kile cha miguu mitatu kilichochongwa katika gogo moja. Uso wake ulipambwa kwa waya uliozungushwa duara ndani ya duara na kupigiliwa ndani ya mbao mpaka ukalingana nayo, mkono ukipita juu usikwame. Mti ni wa hapa, waya ni wa ng'ambo, na kiti ni cha Kikamba kabisa. Baada ya Vita vya Kwanza, Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Tanganyika na ufundi wa kuchonga vinyago aliouona kwa wachongaji wa huko, naye akaugeuza kuwa kazi iliyolisha familia nyingi. Plau ya kukokotwa na ng'ombe ilipoenea Machakos, wakulima hawakuiachia kulima tu. Waliipitisha pia kati ya mistari ya mahindi kupalilia, kazi ambayo chombo kile hakikuundiwa.

Msomaji makini atapinga hapa, na ana haki. Mhunzi wa mikufu si babu wa mchomeleaji wa pikipiki. Kuwaunganisha kwa sababu wote ni Wakamba ni kuifanya historia kuwa hadithi ya damu. Nakubali. Ujuzi wa kuvuta waya haukufika kwenye mashine ya kuchomelea. Njia iliyoleta makanika Machakos ni nyingine: shule ya serikali ya Machakos iliyoanza mwaka 1915, chuo cha mafunzo ya ufundi cha Kabete kilichofunguliwa katika miaka ya 1920, na jeshi, ambalo liliwachukua Wakamba wengi katika Vita vya Pili na kuwafundisha baadhi yao udereva na utengenezaji wa malori. Ninachodai kuwa kilidumu si ujuzi bali mazingira yanayouzaa. Machakos ni nchi ya mvua haba, ambako shamba peke yake limemwangusha mtu mara nyingi, hivyo familia imehitaji mkono mmoja katika biashara au ufundi. Bidhaa zimeingia kutoka mbali zikiwa tayari, kwa bei inayomlazimu mnunuzi azitumie kwa zaidi ya kazi moja. Na kijana amejifunza kwa kukaa na fundi, akipitisha spana kabla hajaruhusiwa kuifungua injini. Mambo hayo matatu yakiwa pamoja, mtu hawezi kukiheshimu kiwanda kupita kiasi. Serikali ilichelewa kuliona hilo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya ilitaja umuhimu wa sekta isiyo rasmi ya mafundi kama hawa mwaka 1972, lakini ilichukua mpaka mwaka 1985, Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi, ndipo sekta hiyo, inayoitwa jua kali, ikaanza kupewa vibanda na nafasi katika mipango ya nchi.

Pikipiki ilifika katika mazingira hayo kwa kishindo. Kabla yake, mzigo wa Masii ulibebwa na punda na baiskeli nyeusi nzito ambayo Wakenya waliipa jina la Black Mamba, na hata hiyo ilikuwa ikiongezewa keria pana na vyuma vya kuikaza. Bajeti ya mwaka 2008 ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za injini isiyozidi cc 250, Boxer za Bajaj, TVS na nyingi za Kichina zilijaa nchini katika muda mfupi. Zilikuwa vyombo vyepesi vya silinda moja inayopozwa kwa hewa, vya kumbeba mtu mmoja au wawili. Masii ilivipa gunia la ndengu, mitungi ya maji ya lita 20, mbuzi, godoro, na mgonjwa wa kufikishwa hospitali. Keria zikapanuliwa, gadi za injini zikachomelewa, viti vikarefushwa na kushonwa upya, springi za nyuma zikaongezewa nguvu. Leo pikipiki nyingi zinazoletwa kwa soko la Afrika hutoka kiwandani zikiwa na keria ya chuma na gadi mbele ya injini. Mahitaji yaliyoonekana kwanza katika vibanda vya barabarani yamefika kwenye meza ya wahandisi wa India, na sioni kwa nini tusiihesabu hiyo kuwa kazi ya ubunifu.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza: kafe resa hupunguza, boda boda huongeza. Mmoja anafuata uzuri na kasi, mwingine anafuata unga wa watoto. Tofauti hiyo ni ya kweli kwa nia. Kwa mikono inayofanya kazi, ni ndogo mno. Anayechomelea keria anapaswa kujua kwamba uzito uliowekwa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma huinua la mbele, usukani ukawa mwepesi na pikipiki ikaanza kuyumba. Asipojua, atazivunja spoki na huenda mtu. Anayekata mkia wa fremu ili aweke kiti cha kigongo anapaswa kujua mahali pale pale: nyuma ya mahali zinaposhikia springi anaweza kukata na kuunganisha bomba lililopindwa, lakini akivuka kwenda mbele amekata mfupa unaobeba mzigo wote. Wote wawili hutoa waya wa betri kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, ili umeme usiunguze vifaa. Wote wawili, tenki ikitoboka, hawaigusi kwa moto mpaka mvuke wa petroli umetolewa, kwa kawaida kwa kuijaza maji. Fundi wa keria wa Masii hahitaji kufundishwa upya ili ajenge kafe resa. Anahitaji kuambiwa umbo linalotakiwa.

Umbo hilo nalo haliwezi kupokelewa lilivyo. Vijana wa Ace walikimbia kwenye lami. Picha za kafe resa huonyesha injini iliyoondolewa kasha la kichujio cha hewa na kuwekewa kichujio kidogo kilicho wazi. Hiyo hubadilisha mchanganyiko wa hewa na petroli katika kabureta, na kwenye barabara za vumbi jekundu zinazoingia Masii kutoka vijijini, vumbi likipenya hukwangua silinda na ringi kwa muda mfupi. Usukani wa chini huweka uzito wa dereva kwenye viganja, jambo linaloweza kuvumilika kwenye lami na linalochosha na kuhatarisha kwenye changarawe. Wanaosema kwamba ubunifu wa vibandani umeua watu hawasemi uongo: pikipiki iliyobebeshwa abiria watatu ilhali sheria inaruhusu mmoja haiokolewi na keria nzuri. Lakini hatari hiyo inatokana na kubadilisha kitu kimoja bila kuangalia kingine, na wajenzi wa Triton walilijua hilo. Walipopata injini yenye nguvu walitafuta pia breki kubwa za pikipiki za mashindano. Anayeanza Masii na Boxer iliyochakaa anaweza kuliacha kasha la hewa mahali pake, aache matgadi ya mbele, ashushe usukani kidogo tu, na fedha ya kwanza aitumie kwenye breki, matairi na beringi za usukani kabla ya rangi. Akibadilisha injini au rangi, ahakikishe kwamba logibuku inasoma hivyo hivyo. Pikipiki itakayotoka hapo haitafanana sawasawa na zile za London, na haina sababu ya kufanana nazo.