UMRI WA MTOTO MBELE YA HAKIMU: KUTOKA UHUD HADI SONGEA

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu katika imani, kijana wa miaka 16 akihukumiwa kifungo cha maisha, je, mlango umefungwa? Tuanze na historia.

Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa na miaka 14 siku ya Uhud. Alitaka kupigana, Mtume (s.a.w.) akamrudisha. Siku ya Khandaq alikuwa na miaka 15, akaruhusiwa. Miaka mingi baadaye Nafi' alimsimulia habari hiyo khalifa Umar bin Abdulaziz. Khalifa akaona huo ndio mpaka kati ya mtoto na mtu mzima, akawaandikia magavana wake waufuate. Imam Shafi'i alichukua miaka 15. Imam Abu Hanifa alisema kijana wa kiume asiyeonyesha dalili za baleghe husubiriwa hadi miaka 18.

Walitofautiana kwenye namba, lakini wote walijua kwamba umri huulizwa kabla ya adhabu. Na haki ya aliyedhulumiwa haipotei: mtoto akiua, wanazuoni wengi wanasema diya hulipwa na jamaa zake wa upande wa baba, naye hutiwa adabu.

Sheria ya nchi yetu imekaribia hapo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18, inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani, na inaitaka mahakama ichunguze umri wake. Mtoto aliyetiwa hatiani anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya.

Basi hatari iko wapi? Iko pale ambapo hakuna aliyeleta ushahidi wa umri. Kijana ana mwili mkubwa, cheti cha kuzaliwa hakuna, wazazi wamejificha kwa aibu. Kosa la kubaka binti wa chini ya miaka 10 lina kifungo cha maisha kwa mtu mzima, na yeye anaweza kuhesabiwa mtu mzima.

Sisi wa Songea tunajua uzito wa hukumu isiyorudishwa nyuma. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Majimaji hapa hapa mjini. Aliyenyongwa harudi. Aliyefungwa bado ana rufaa.

Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45 kwenda Mahakama Kuu. Muda ukipita kwa sababu ya msingi, omba uongezewe. Asiye na wakili aombe msaada wa kisheria. Upo kwa Sheria ya 2017.

Wazazi wa Majengo, chukueni vyeti vya watoto RITA leo, si siku ya kesi. Kadi ya kliniki na kumbukumbu za shule zitunzeni. Kijana wako akikosea, usimtetee kwa uongo wala usimkimbie. Nenda ukaseme umri wake wa kweli, kwani ushahidi ni amana.

Wabillahi tawfiq.