Sandarusi, Lakiri na Polishi: Historia Iliyomo Katika Karakana ya Seremala

Huko Molo ya wilaya ya Tororo (wala si Molo ya Nakuru, ambayo wasomaji wengi wa Kenya huikumbuka kwanza), seremala akishaupiga randa ubao wa mvule, huupiga msasa, kisha huupaka polishi. Maneno hayo matatu hutamkwa pamoja kana kwamba yalizaliwa siku moja. Sivyo hata kidogo.

Msasa ndio mkongwe. Ni mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo wazee waliyatumia kulainisha mbao na vipini. Karatasi ya dukani ilipofika ikarithi jina la jani. Randa ilitufikia kutoka upande wa Uajemi na Bara Hindi. Polishi ni neno la Kiingereza, lakini kitu chenyewe, kwa muda mrefu, kilikuwa cha Bara Hindi.

Kabla ya hapo lakini, pwani yetu ndiyo iliyowauzia wengine. Utomvu wa msandarusi, uliokaa ardhini miaka mingi hata ukawa mgumu, ulichimbwa Mrima na kupelekwa Unguja. Baada ya mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliununua kwa wingi, wakausafisha kwao, na ukageuzwa vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi. Leo mwanafunzi hukutana na neno sandarusi katika kamusi tu, na sisi walimu mara nyingi hulipita bila kulieleza. Ni hasara, kwani ndani yake mna karne nzima ya biashara.

Shelaki ni jambo jingine. Si utomvu wa mti, bali hutolewa na mdudu mdogo anayefyonza matawi ya miti ya Bara Hindi na Siam, yaani Tailandi. Magamba hayo hukwanguliwa, huyeyushwa, huchujwa, na kutandazwa hata yakawa vipande vyembamba vya rangi ya asali. Wareno waliita nta ya kupigia mhuri lacre, nasi tukapata lakiri, ambayo iliyo bora ilitengenezwa kwa shelaki hiyo hiyo. Tena wako wanaomhusisha mdudu huyo na hesabu ya laki, kwa wingi wake tawini. Hata santuri za kwanza za Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, zilikuwa za mchanganyiko wa shelaki.

Ufundi wenyewe ulienea bara pamoja na reli. Kati ya 1896 na 1901 zaidi ya Wahindi 30,000 waliletwa kujenga njia ya Mombasa hadi Kisumu. Miongoni mwao walikuwamo maseremala Makalasinga, na wengine wakabaki. Njia ya pili ilipita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931. Vijana waliofanya kazi katika karakana za Wahindi walijifunza kwa macho zaidi kuliko kwa maelezo: shelaki huloweshwa katika spiriti; pamba hufungwa ndani ya kitambaa laini, hutiwa tone la mafuta ya kitani ili isinate, kisha hupitishwa kwa miduara, tabaka juu ya tabaka nyembamba, kwa siku kadhaa. Anayeharakisha huonekana kazini mwake.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, akiwapa siku 90. Maduka yalibadili wenyewe, bidhaa za nje zikaadimika, na magendo yakashamiri Busia na Malaba. Kazi iliyotegemea spiriti na shelaki za kununuliwa haikuweza kusalimika. Baadaye zikaja vanishi za viwandani, zinazopakwa kwa brashi au kupulizwa, na kukamilika upesi.

Simlaumu seremala anayezichagua, kwani shelaki ina udhaifu wake: kikombe cha chai ya moto huiachia duara jeupe, na waragi ukimwagika huiyeyusha. Lakini udhaifu huo huo ndio dawa yake. Meza ya mvule iliyochakaa haihitaji kukwanguliwa. Spiriti hulainisha tabaka la zamani na jipya likashikana nalo. Vanishi ngumu ya siku hizi ikibanduka, sharti iondolewe yote kwa msasa, na kila mara ubao nao huliwa kidogo, ilhali mvule wa kuuziba pengo hilo umekwisha kuwa haba.